Maji Yasiyokaa Kwenye Ramani

Ukihesabu mvua na theluji tu, nyanda za pwani ya kaskazini mwa Alaska ni nusu jangwa: kwa kawaida hazifikishi milimita 250 kwa mwaka. Lakini nenda kiangazi, viatu vyako vitajaa maji. Ardhi ya huko imeganda, karibu na Prudhoe Bay hadi mita 600 kwenda chini, na kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, pengine lisilofika goti. Maji hayana pa kuzama, basi yanatapakaa.

Setilaiti za Landsat zimeyapiga picha tangu 1972. Maji humeza mionzi ya infraredi, hivyo ziwa huonekana jeusi kando ya majani yanayong'aa. Kuyachora kwenye ramani kungekuwa kazi nyepesi, kama si mawingu ya kiangazi na giza la miezi ya baridi. Rada hupenya mawingu, ila upepo ukilichafua ziwa, nayo huweza kulidhania nchi kavu.

Mwaka 2005, mtafiti Laurence Smith na wenzake walilinganisha picha za Siberia za miaka ya 1970 na za 1997-98. Kati ya maziwa makubwa zaidi ya 10,000, takriban 11% hayakuwepo tena, au yalikuwa yamesinyaa mno. Ajabu ni kwamba pale mgando wa ardhi ulipokuwa haujakatika, eneo la maziwa lilikuwa limeongezeka. Joto kwanza hudidimiza ardhi na kuchimba ziwa. Likizidi, hutoboa sakafu, na ziwa likavuja.

Vidimbwi ndivyo vinavyowatoa jasho wachoraji ramani. Baridi kali huipasua ardhi, maji huingia kwenye nyufa na kuganda, mwaka baada ya mwaka, hadi tundra ikagawanyika vipande vyenye kingo na vidimbwi, vya upana wa mita 10 hadi 30. Kabari hizo za barafu zikiyeyuka njiani mwa kijito, hutokea madimbwi yaliyotungwa kama tasbihi. Nukta moja ya Landsat ina mita 30: humeza kipande kizima, kingo na kidimbwi chake. Hata setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 kupima kimo cha maji, ililenga mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Na vidimbwi hivyo si vya kupuuzwa: humo matopeni, mimea inamooza bila oksijeni, ndimo methani inamotoka.

Kwa hiyo watu bado wanashuka na droni na mabuti, na kila ramani huandikwa tarehe. Ya Juni, theluji ikiwa imetoka kuyeyuka, huonyesha vidimbwi ambavyo ya Agosti haivijui.