Nusu ya Picha Imekwenda Wapi?

Mwananchi wa Jambiani aliyewahi kukata tikiti Majestic au Cine Afrique, kisha akaitazama filamu ile ile kijijini kwa kanda ya video, huenda alishuhudia ajabu. Mahasimu wawili waliosimama ana kwa ana mjini, huku kijijini mmoja wao alikuwa akiitukana hewa tupu. Mwenzake amekatwa.

Hiyo haikuwa hila ya mwenye video. Mwaka 1953 makampuni ya Marekani, yakiwaona watazamaji wao wamejifungia nyumbani na televisheni, yalianza kutoa filamu za CinemaScope, zenye upana uliozidi mara mbili ya kimo. Huko India, Guru Dutt alifuata mwaka 1959 kwa Kaagaz Ke Phool. Lakini kioo cha televisheni, ikiwemo ile ya rangi tuliyojivunia hapa Unguja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati Bara haina kituo hata kimoja, kilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu tu. Mkeka mpana hauingii chumba chembamba ila ukunjwe.

Watengenezaji wa kanda wakachagua kisu. Fundi alihamisha dirisha kushoto na kulia, akimfuata anayesema, na zaidi ya asilimia 40 ya picha ikatupwa. Njia ya pili ni kuiacha picha nzima, ikae katikati ya kioo na mikanda myeusi juu na chini. Woody Allen aliishikilia njia hiyo kwa filamu yake Manhattan ya mwaka 1979 ilipotiwa katika kanda. Wapo walionung'unika kuwa wamepunjwa, kumbe wao ndio waliopewa haki yao kamili!

Leo vioo ni vipana, 16 kwa 9, na kosa limegeuka upande. Taarab zilizorekodiwa zamani hutanuliwa zijaze kioo, na mwimbaji mwembamba akawa mtungi. Heri mikanda myeusi pembeni, ndugu msomaji. Na rekebisho lenyewe limo katika rimoti yako.

Wajibu mzito zaidi ni wa wale wanaohamisha kanda za kale kuzitia katika mitambo ya kidijitali. Nakala pekee iliyosalia ikishakatwa, na ya asili ikaoza kwa joto na chumvi ya pwani yetu, hakuna rimoti itakayomrudisha yule hasimu wa pili.