Baiskeli, Ahadi na Uvimbe wa Taya

Anayeendesha baiskeli kuchangia utafiti wa saratani hashindani na mtu. Anawaomba ndugu na majirani wamwahidi fedha, anasafiri, akifika anadai ahadi zake. Huko Massachusetts, Marekani, waendeshaji 36 walianza hivyo mwaka 1980 wakapata dola 10,200. Safari yao, Pan-Mass Challenge, imekwisha kuipa taasisi ya saratani ya Dana-Farber zaidi ya dola bilioni 1.

Kwetu Kalemie, mashariki mwa Kongo, baiskeli zipo. Kila asubuhi zinaingia mjini na magunia ya makaa na madumu ya mawese. Ila fedha zikipatikana zifanye nini? Wengi watasema zinunue dawa. Silibezi jibu hilo, lakini kutibu si kutafiti, na utafiti wenyewe si lazima uwe wa mashine za bei kubwa.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili; ilikuwa saratani. Baadaye alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: mmeuona uvimbe huu? Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda Ford kuukuu, wakazunguka kilomita kama 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe hufuata joto na mvua, na huadimika milimani, kama malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Leo tunajua kirusi hicho na malaria ya kujirudia husaidiana kuuleta.

Ziwa letu, Tanganyika, liko mita 770 hivi tu juu ya bahari, na mbu hawana likizo. Tumo ndani ya ramani ile.

Kwa hiyo ahadi za Kalemie ningezipeleka kwenye daftari la wagonjwa, chupa za fomalini, na nauli ya kufikisha kipande cha uvimbe kwa mtaalamu wa kukisoma kabla ya mtoto kuanza dawa. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili; lakini dawa zikiwahi, watoto wengi hupona. Na waendeshaji wenyewe wabebe picha za taya iliyovimba, waziache katika kila kituo cha afya njiani, wakimuuliza muuguzi swali lilelile la Burkitt na kuandika jibu lake.