Kuchi na nyuki uani: Mambo ya kuzingatia kwa afya ya nyumba



Katika safu hii leo tunaelekea Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Ardhi ya huko sehemu kubwa ni ya mawe, na mwenye kutegemea jembe peke yake hutaabika. Ndiyo maana watu huchanganya: huyu bahari, yule mwani, mwengine kokoto, na karibu kila nyumba ina kuku. Katika kuku hao, anayepewa heshima zaidi ni kuchi. Na wapo sasa wanaotaka kuongeza mzinga wa nyuki karibu na nyumba. Yote mawili ni kheri, lakini kuku na nyuki wakiwekwa ua mmoja bila ya utaratibu huleta madhara, na mara nyingi wanaodhurika mwanzo ni watoto.

Kuchi si kuku wa kawaida. Ni mrefu, shingo imenyooka, kifua kipana, undu wake mdogo, na jogoo aliyekomaa huweza kupata kilo tatu. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wanamuweka karibu na kuku wa kupigana wa Asia, jambo lisilostaajabisha kwa kisiwa ambacho majahazi yamekuwa yakifika kwa karne nyingi. Tetea wake si mtagaji sana. Faida yake ni nyama, na bei ya mbegu yake.

Tabia yake ni ugomvi. Hapa tuseme wazi: kuwashindanisha majogoo mpaka watoane damu haifai, iwe kwa kamari au kwa "kujifurahisha tu". Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), katika Abu Dawud na Tirmidhi, kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuwagombanisha wanyama. Kwa upande wa afya nako hakuna jema. Jogoo mwenye majeraha hupata maradhi upesi, na anayemshika hupakwa damu na kinyesi. Aidha, ukucha wa nyuma wa kuchi unaweza kumtoboa mtoto jicho. Mtu akiparurwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Sasa tuje kwenye kinyesi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha kuku ni najisi japokuwa nyama yake ni halali. Hivyo kuku anayelala jikoni au anayepita juu ya mkeka wa kusalia anaharibu tohara ya nyumba nzima. Daktari naye anasema hayo hayo kwa lugha yake: katika kinyesi hicho mna vijidudu vya salmonela na kampilobakta, viletavyo homa na kuharisha. Mtoto anayetambaa ua mzima na kutia vidole mdomoni hana wa kumkinga ila wewe. Kuku wawe na banda lao, lifagiliwe kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika au kuokota mayai. Kwenye ardhi ya mawe maji ya mvua hupenya upesi kwenda chini, kwa hiyo banda na shimo la samadi viwe mbali na kisima.

Wapo pia wanaume wanaokoroga yai bichi na asali wakaita dawa ya nguvu. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na asali haiuwi vijidudu hivyo ndani ya gilasi. Chemsha yai mpaka kiini kigande, kisha ule asali yako pembeni.

Kuku anayeokotaokota jalalani na chooni huingia katika hukumu ya jallala, yaani mnyama anayekula uchafu. Ibn Umar (R.A.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Mfungie, mpe chakula kisafi na maji.

Maradhi yanayomaliza mabanda ni kideri, ambayo wengine huyaita mdondo. Kuku huzubaa, huharisha kijani, shingo hupinda, na banda zima linaweza kuteketea kwa siku chache. Hayana dawa. Kumpa kuku vidonge vya binaadamu ni kupoteza fedha, maana kideri ni virusi, na pia ni kuvizoesha vijidudu vyengine dawa tunazozitegemea wenyewe. Kinachosaidia ni chanjo. Ile inayoitwa I-2 hustahamili joto kuliko chanjo za zamani; hutiwa tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mpangilie siku moja nyumba zote za mtaa, mumuite bwana mifugo. Kuku aliyekufa mwenyewe ni mzoga: azikwe ndani sana au achomwe, asitupwe pwani. Na mwenye kuona kuku wake wameanza kuzubaa akawakimbiza sokoni, huyo anafanya ghushi na anayapeleka maradhi katika nyumba za wenzake.

Tugeuke kwa nyuki. Katika Surat An-Nahl Allah (S.W.) ametutajia kuwa ndani ya kinywaji kitokacho matumboni mwao mna ponyo kwa watu. Pia imepokewa katika Abu Dawud kuwa nyuki ni miongoni mwa viumbe vinne tulivyokatazwa kuviua. Kwa hiyo kurina kwa mwenge wa makuti, mzinga ukaungua na nyuki wake, si jambo la kujisifia. Moshi kidogo wakati wa jioni unatosha.

Nyuki wetu wa pwani ni wakali. Kelele, harufu kali na mtikisiko huwachokoza, na wakitoka hawachagui. Hapa ndipo khatari kubwa kwa mfugaji wa kuchi. Majogoo hawa mara nyingi hufungwa kamba mguuni ili wasipigane, na mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia: nyuki humuua pale pale, awe kuku au mbuzi. Basi mizinga ya nyuki wanaouma isiwekwe uani kabisa. Ipelekwe vichakani au ukingoni mwa mikoko, mbali na njia, skuli na mazizi. Maua ya mchu huwapa nyuki chakula kizuri. Nguzo za mzinga zipakwe grisi kuzuia sisimizi.

Uani panafaa nyuki wadogo wasiouma, wale wanaokaa kwenye mapango ya miti na nyufa za kuta. Asali yao ni kidogo, nyepesi, yenye ukali wa mbali. Wapandie mrehani na mlonge, wawekee sahani ya maji yenye vijiwe wasizame. Mwenye matikiti au maboga atafaidika pia, kwani maua hayo hayashiki matunda bila ya mdudu wa kuyachavusha.

Jihadhari na dawa za unga za kuulia utitiri wa kuku. Baadhi yake zina kabarili, ambayo ni sumu kali kwa nyuki. Ipake ndani ya banda jioni, usiirushe uani penye maua. Kuku wawekee shimo la jivu na mchanga mkavu wajigaragaze wenyewe.

Anayeumwa na nyuki aondoe mwiba upesi kwa kuukwangua. Akivimba midomo, akikosa pumzi au akizirai, apelekwe hospitali mara moja, bila ya kusubiri dawa ya nyumbani.

Limebaki la mtoto mchanga. Kumlambisha asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni khatari, hata ikiwa asali safi. Inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiletacho maradhi ya botulizimu, na tumbo la mtoto huyo halijawa na uwezo wa kukizuia. Hulegea viungo, hushindwa kunyonya na hata kupumua. Kwa tahnik, Sunna iliyothibiti ni tende: itafunwe mpaka ilainike kabisa, kisha apakwe kidogo tu kwenye kaakaa kwa kidole kilichooshwa.