Presha ya Mimba: Dawa Iko, Lakini Ilitengenezewa Nani?

Kama una ball, ama dem yako ako nayo, hii ni yako. Presha ya mimba haibishi hodi. Unaweza kuwa 160/110 na bado uko stage unauza smokie, unajiskia fiti. Alafu ghafla kichwa inapasuka, unaona nyota, na mwisho wake ni kifafa. Mara nyingi hii kitu huanza baada ya wiki 20.

Tuanze na kupima. 140/90 tayari ni shida, lakini hizo namba zinaambia nini mtu hajasomea udaktari? Watafiti wa King's College London walitengeneza mashine inaitwa CRADLE, iko na taa kama za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Ikiwaka nyekundu, mama anakimbizwa hosi. Na inachajiwa na chaja ya simu tu. Imejaribiwa Uganda, Zambia, Sierra Leone na kwingine.

Alafu tembe. Methyldopa humezwa hata mara tatu kwa siku, na inaweza kukupiga na usingizi mbaya. Sasa wewe umefungua kibanda Gikomba alfajiri, wateja wamejaa, utakumbuka ile ya mchana? Ukiiruka, kliniki unaitwa mkaidi. Huo ni uonevu, manze. Kuna nifedipine ya kufanya kazi polepole, ya mara moja ama mbili kwa siku.

Noma kabisa ni sindano ya kuzuia kifafa, magnesiam salfeti. Dawa yenyewe ni moto: utafiti wa Magpie wa 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini mahali hakuna pampu, mama anapewa gramu 4 kwa mshipa, gramu 5 kila tako, alafu 5 zingine kila saa 4 kwa siku nzima. Inauma, wacha tu. Na sista ako pekee yake usiku, wodi imejaa, anapiga hesabu ya kuchanganya dawa. India wamejaribu pampu ya springi, haitaki stima, inasukuma dawa polepole kwa mshipa. Hapo sasa mtu alifikiria mama na sista pamoja.

Kliniki ijayo, ambia sista ratiba yako ya job vile iko, na umuulize kama kuna tembe ya mara moja. Usiwache dawa kivyako. Na kichwa ikiuma vibaya, macho ikififia ama uso ivimbe, usingoje tarehe ya kliniki. Enda hosi hiyo siku.