Triatloni (Sehemu ya Pili): Mwaka wa Bingwa na Milima Yetu

Juma lililopita tuliiona triatloni ikizaliwa Mission Bay, mjini San Diego, mwaka 1974, tukaifuata hadi Olimpiki ya Sydney mwaka 2000: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilometa 40, mbio za miguu kilometa 10, yote mfululizo, na saa haisimami hata pale mtu anapohangaika na viatu. Leo tunaingia nyumbani kwa mtu anayekula kwa mchezo huu. Anafanya nini toka Januari hadi Desemba? Na kijana wa Butembo au Beni, mwenye mapafu yaliyokulia mlimani, amepungukiwa nini asifike huko?

Tuanze na kalenda. Mtu akitazama mbio za saa moja na dakika arobaini kwenye televisheni, anadhani maisha ya bingwa ni mashindano juu ya mashindano. Kumbe mwaka wake hupangwa kinyumenyume. Huchagua kwanza siku moja au mbili anazozitaka kweli, kisha huhesabu majuma akirudi nyuma. Mashindano makubwa ya masafa ya Olimpiki hufanyika takriban kuanzia Machi hadi Oktoba. Ironman ya Kona, kule Hawaii, yenye kilometa 3.8 za maji, 180 za baiskeli na 42.2 za miguu, huwa Oktoba. Mambo yakiisha, bingwa hupumzika: majuma mawili matatu bila ratiba, na uzito ukiongezeka kidogo hakuna wa kumgombeza. Desemba hadi Februari ni kujenga msingi, saa nyingi kwa mwendo wa polepole. Baadaye kasi huingizwa kidogo kidogo. Zikibaki siku kumi au kumi na nne kabla ya mbio kubwa, kazi hupunguzwa karibu nusu lakini kasi huachwa palepale, ili miguu ifike siku hiyo imekwisha kusahau uchovu. Wa masafa mafupi anaweza kushindana mara nyingi kwa mwaka. Wa Ironman akimaliza mbili au tatu kamili, mwaka wake umetosha.

Katika majuma mazito bingwa hufanya saa 25 hadi 35 za mazoezi. Alistair Brownlee, Mwingereza wa Yorkshire aliyetwaa dhahabu London 2012 na tena Rio 2016, alijulikana kwa majuma ya saa thelathini na zaidi. Namba hizo zinatisha, ila zina kitu ndani yake ambacho mtazamaji hakioni: sehemu kubwa ya saa hizo, karibu nne kwa tano, ni mwendo ambao mtu anaweza kupiga soga na mwenzake bila kuhema. Kazi kali ni ile moja iliyobaki, na hiyo hupimwa.

Hapa nina neno na ndugu zangu wa Butembo. Tunapenda kujisifu kwamba sisi mazoezi tumeshayafanya: mama anapanda kutoka kijijini na mfuko wa viazi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, kijana anashuka na chukudu iliyojaa magunia ya makaa. Nguvu ipo, nani atakataa? Ila mwili hauongezi nguvu wakati wa kazi. Kazi huuchosha na kuuchanachana. Nguvu huja baadaye, usingizini, mwili unapojijenga upya na kuzidi kidogo ulivyokuwa. Mama yule kesho ana mzigo uleule, keshokutwa uleule, na sahani ileile ya bugali. Siku ya kujengwa haipo. Miaka ikienda, magoti ndiyo yanatoa hesabu. Bingwa wa triatloni, ukimchunguza vizuri, analipwa ili apate nafasi ya kulala: usiku muda wa saa tisa, na mchana mara nyingi tena saa moja.

Wanorwei ndio walioipeleka nidhamu hii mbali. Kristian Blummenfelt alitwaa dhahabu ya Tokyo Julai 2021, na kufika Mei 2022 akawa bingwa wa dunia wa Ironman huko St. George, Utah, yaani masafa zaidi ya mara nne ya yale ya Olimpiki. Mwenzake Gustav Iden akashinda Kona Oktoba ya mwaka huohuo. Siri yao, kama ni siri, ni tone la damu. Mkimbiaji anasimama kidogo katikati ya mazoezi. Kocha anafuta jasho kwenye ndewe ya sikio, maana jasho likichanganyika na damu kipimo kimeharibika. Anachoma kwa kisindano, anagusisha kijikaratasi chembamba kwenye tone, na mashine ndogo ya mkononi inatoa namba ya laktati, ile ambayo hujaa kwenye damu misuli ikifanya kazi upesi kuliko mwili unavyoweza kuiondoa. Namba ikizidi iliyopangwa, amri ni moja: punguza. Bingwa wa dunia anaambiwa apunguze! Sisi tuliofundishwa mazoezi na waalimu wa filimbi na fimbo tulizoea kusikia kinyume.

Sasa milima. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Font-Romeu, kituo ambacho Wafaransa walikijenga milimani Pirenei ili kuandaa wanamichezo wao kwa Olimpiki ya Mexico ya 1968, kiko mita 1,850. Hadi leo wanatriatloni wa Ulaya hufunga safari na kulipa chumba ili kuishi kwenye urefu ambao mtoto wa Butembo anazaliwa nao bure. Sababu ni hii: oksijeni ikipungua hewani, figo huhisi, hutoa homoni ya kuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kazi hiyo huchukua majuma matatu au manne. Walimu wa mchezo wana kanuni yao: lala juu, fanya kasi chini, kwa kuwa huko juu hewa ni haba na miguu haipati nafasi ya kwenda mbio kweli. Beni iko kilometa 54 tu kutoka Butembo, na iko chini kwa karibu mita 600. Nani alipanga ramani hii vizuri hivi?

Lakini chembe nyekundu hazitengenezwi kwa hewa peke yake. Zinahitaji madini ya chuma. Maharage, lengalenga na sombe tunazo, na chuma cha mboga huingia mwilini vizuri zaidi kikiliwa pamoja na tunda chachu, chungwa au maracuja. Halafu kuna malaria. Kijidudu chake hukaa ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Homa moja iliyochelewa kutibiwa inaweza kufuta faida ya mwezi mzima wa mlimani, na ukishuka Beni au bonde la Semuliki, mbu ni wengi kuliko Butembo. Kwa mwanamichezo wetu, chandarua ni kifaa cha mazoezi sawa na baiskeli.

Tuje kwenye maji, na hapa sitaficha: hapa ndipo tunaposhindwa. Katika triatloni ya Olimpiki inaruhusiwa kuendesha kwa kufuatana, gurudumu nyuma ya gurudumu, na anayejificha nyuma ya wenzake hutumia nguvu pungufu sana kuliko anayepasua upepo mbele. Kwa hiyo ukitoka majini nusu dakika baada ya kundi, utaendesha kilometa 40 peke yako ukiwafukuza watu wanaopokezana. Mbio zako zimekwisha kabla hujakauka. Alex Yee wa Uingereza ni mkimbiaji wa hali ya juu. Paris, tarehe 31 Julai 2024, alimpita Hayden Wilde wa New Zealand karibu kabisa na utepe na kumshinda kwa sekunde 6. Watu wakasifu miguu yake. Mimi nilisifu kwamba alitoka kwenye mto Seine bila kuachwa mbali, maana bila hilo miguu ile ingekuwa ya kupigania nafasi ya ishirini.

Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara mia nane. Ndiyo sababu kijana mwenye misuli ya kubeba magunia hupitwa majini na msichana wa miaka kumi na miwili anayejua kulaza mwili. Miguu ikizama nyuma, kila mkono unaovuta unapambana na mwili wa mwenyewe. Ufundi huo huingia utotoni. Flora Duffy alitwaa dhahabu ya wanawake Tokyo akitoka Bermuda, kisiwa chenye watu elfu sitini na kitu, wachache sana kuliko watu wa Butembo. Ila Bermuda kila mtoto ana bahari mlangoni. Sisi tuna nini? Mto Kimemi haufai. Ziwa Edward lipo, kule Kyavinyonge na Vitshumbi, lakini hilo ni maji ya wavuvi na viboko, na kiboko haheshimu ratiba ya mazoezi. Bwawa la hoteli, tuseme la mita 12, linakudai ulikate mara 125 ili upate mita 1,500, ukigeuka kila unapotaka kunyoosha mkono. Kama yupo mfanyabiashara wa Butembo anayetaka kuacha jina, na tunajua wafanyabiashara wa Butembo wanavyoweza kujenga pasipo kungoja Kinshasa, bwawa moja la mita 25 lenye mwalimu lingeleta faida kuliko baiskeli kumi za kaboni.

Kwa upande wa vifaa mbona hatuko mbali. Katika mahali pa kubadilishia, kati ya maji na baiskeli, bingwa huviacha viatu vimeshanaswa kwenye pedali, na kila kiatu kimefungwa kisiginoni kwa kampira kembamba kalikoshikizwa kwenye fremu, ili kiatu kibaki kimelala sawa na kisiburutike chini. Anakimbia peku akisukuma baiskeli, anaruka juu, anakanyaga; mzunguko wa kwanza kampira kanakatika, na miguu inaingia viatuni huku baiskeli ikienda. Fundi yeyote wa pale sokoni anayekata mipira ya ndani ya tairi kuwa kamba za kufungia mizigo angekitengeneza kifaa hicho kwa dakika moja.

Barabara ndiyo kikwazo cha pili. Tarehe 16 Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kule Mpondwe mpango wa kutengeneza barabara, na ndani yake mlikuwamo Kasindi–Beni, kilometa 80, na Beni–Butembo. Lami ni habari njema kwa tairi nyembamba. Lakini toka Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuzunguka Beni, hakuna mzazi atakayemwachia mtoto wake akae saa tano peke yake barabarani kuelekea Oicha au Mbau. Hilo halina ufumbuzi wa kimichezo, na sitajifanya ninao. Naweza tu kusema kwamba mazoezi ya baiskeli hufanyika pia ndani ya nyumba. Lionel Sanders wa Kanada, aliyekuwa wa pili Kona mwaka 2017, amejulikana kwa kufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa amefungia baiskeli juu ya mashine katika chumba chake kule Ontario, akiikimbia theluji. Yeye anakwepa baridi, sisi tungekwepa risasi. Miguu haijui tofauti. Anayetaka kupanda milima nje, na apande karibu na mji, mchana, akirudia kilima kilekile. Kurudia kilima ni mazoezi ya heshima kabisa.

Na mashindano yenyewe? Ya karibu zaidi yako Rubavu, Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Goma, ambako Ironman 70.3 ya kwanza ilifanyika Agosti 2022: kilometa 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, 90 za baiskeli, 21.1 za miguu. Ziwa Kivu halina viboko wa kuogopesha waogeleaji, na Rubavu iko karibu mita 1,460, kwa hiyo mtu wa Butembo angeshuka kwenda huko wakati wengine wote wanapanda. Agosti kwetu bado mvua hazijakolea, na Januari na Februari kavu zingetosha kujenga msingi. Kalenda inakubali. Kinachokataa ni njia. Kutoka Butembo hadi Goma ni kilometa mia tatu na ushei, lakini toka waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024, barabara hiyo imekatwa na mstari wa vita. Mwanamichezo angelazimika kuzunguka: Kasindi, Mpondwe, Kasese, Mbarara, Kabale, Kigali, kisha magharibi tena hadi Rubavu. Siku mbili za basi, baiskeli imefunguliwa vipande ndani ya boksi. Na aiandikishe baiskeli duani pale Kasindi wakati wa kutoka, apewe karatasi. Asipofanya hivyo, akirudi ataambiwa ameingiza bidhaa mpya, alipe.

Mabingwa nao husafiri hivyo, na wengi wao kwa fedha zao. Mshindi wa Kona hupokea dola 125,000, lakini zawadi huishia kwa wa kumi na tano. Wale wanaofika nyuma yao wanaishi kwa nini? Hiyo ni sehemu ya tatu.