Malale: Kwa Nini Kipimo cha Damu Kisicheleweshwe

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na sababu mojawapo ni kwamba mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Misafara imekwisha. Mbung'o wangali katika miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge, na wanaokutana nao leo ni warina asali, wapasua mbao na wachungaji.

Vimelea vya malale vikiingia katika damu hubadili gamba lao la nje mara kwa mara. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya gamba la kwanza. Kabla kazi haijakamilika, la pili limekwisha kuvaliwa. Hivyo kingamwili hufurika, na si zote zenye shabaha. Katika damu na maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, watafiti wamekuta kingamwili zinazoshika galaktoserebrosidi, mafuta yaliyomo katika ala ya nyuzi za neva, na nyingine zinazoshika nyurofilamenti, protini zinazodumisha umbo la nyuzi hizo. Askari, tuseme, wanampiga mwenye nyumba.

Kwa kawaida ubongo una ngome. Seli za kuta za mishipa yake midogo ya damu zimebanana mno hata kingamwili nyingi hazipenyi. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alionyesha kwamba rangi iliyotiwa katika damu ya mnyama hutia doa viungo vingine, ilhali ubongo hubaki mweupe. Ngome hiyohiyo huizuia suramini, dawa ya malale iliyoanza kutumika miaka ya 1920. Kimelea, kwa bahati mbaya, hupita. Akisha kuingia, uvimbe hufuata, chembe za kinga humiminika na kingamwili hutengenezwa humo ndani; ndipo mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na kuchanganyikiwa. Katika malale ya Afrika Mashariki safari hiyo huchukua majuma au miezi michache tu.

Kwa hiyo, ukipata homa baada ya kutoka porini, hasa ukiwa na kidonda kilichovimba mahali ulipoumwa, mweleze mhudumu ulikokuwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale. Omba damu itazamwe kwa hadubini. Vimelea vikionekana, huenda maji ya uti wa mgongo yakachukuliwa pia: chembe nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita moja huashiria kwamba ubongo umefikiwa.

Zamani hatua hiyo ilitibiwa kwa melasoprolo, dawa yenye arseniki iliyoua takriban wagonjwa 5 katika kila 100. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula, kwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika hilo, usikubali kuuziwa.