Kabla ya Kumfukuza Mtoto Mkorofi, Tuhakiki

Alasiri moja tuliketi, sisi wajumbe wa kamati ya msikiti, kumjadili mtoto wa miaka 11. Alikuwa amevunja kioo cha dirisha la madrasa, amemjeruhi mwenzake kwa jiwe, na fedha za sanduku la sadaka zilikutwa mfukoni mwake. Shauri lilikuwa moja tu: afukuzwe. Mzee mmoja akauliza, "Je, kuna aliyekwenda nyumbani kwao?" Tukanyamaza sote.

Swali lile lilitutahayarisha, kwani Sura ya Al-Hujurat inatufunza kuhakiki habari kabla ya kuchukua hatua tutakayoijutia. Ikiwa watu wazima wana haki hiyo, vipi mtoto ambaye hajabaleghe?

Wazazi wenzetu, utundu si maradhi. Kila mtoto hukaidi, hugombana, na pengine huongopa. Madaktari wa afya ya akili hutaja tatizo la mwenendo pale tu mtoto anapokiuka haki za wenzake au kanuni za jamii tena na tena. Hutazama mafungu manne: ukatili kwa watu au wanyama, uharibifu wa mali, uongo na wizi, na uvunjaji mkubwa wa kanuni, kama kutoroka nyumbani au shuleni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka dalili zisizopungua 3 kati ya 15 ndani ya miezi 12, na angalau moja iwe imeonekana katika miezi 6 ya karibuni. Huulizwa pia tabia ilianza lini, kwa kuwa iliyoanza kabla ya miaka 10 huhofiwa zaidi kudumu.

Uchunguzi huo hautegemei kauli ya mtu mmoja. Huulizwa mzazi, mwalimu wa shule, ustadhi, na mtoto mwenyewe akiwa faraghani. Hutazamwa usikivu na uoni wake, uwezo wake wa kujifunza, kutotulia kupita kiasi, na huzuni. Huulizwa pia lililo zito kuliko yote: je, mtoto huyu anapigwa, anadhulumiwa, au amepotewa na mtu aliyempenda?

Basi tukaenda. Mama yake, muuza maandazi, alitueleza kuwa baba aliihama nyumba mwaka uliopita, na ugomvi ulianza baada ya hapo. Hospitali ikagundua kuwa sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha na halisikii vyema. Ustadhi alipomwita asiitikie, alidhani anadharauliwa, akamchapa. Naye mtoto akazidi kuwa mkali.

Hayo hayakuufuta wizi wala jeraha la mwenzake. Alirejesha fedha na kuomba radhi mbele ya wazazi wa aliyeumizwa. Daktari hakumpachika jina la maradhi. Alilitibu sikio, kisha akawaelekeza mama na ustadhi: amri ziwe fupi, jema lisifiwe papo hapo, na kosa liwe na adhabu ndogo, ya haki, isiyo kipigo. Hata tatizo la mwenendo linapothibitika, mafunzo ya wazazi hutangulizwa kuliko vidonge.

Wapo wanaosema mtoto wa namna hiyo ana jini. Kisomo tusikiache, lakini kisituchelewesha kwenda hospitali. Mtoto akibeba silaha, akichoma vitu moto, akitesa wanyama au akitamka kujidhuru, asingojwe hata siku moja.

Tukumbuke kuwa Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni kwa takriban miaka kumi, na akasimulia kuwa hakukemewa kwa alilolifanya wala aliloliacha. Sisi tulikuwa tayari kumtupa mtoto baada ya kikao kimoja.

Kijana wetu bado hugombana mara mojamoja. Lakini huketi safu ya mbele, upande ambao sikio lake zima humwelekea ustadhi, na anapoitwa huitika. Allah atuongoze katika amana hii. Amin.